Sabuni Iliyompita Mzee Magadi

Kipande cha sabuni kilipaa kutoka mkononi mwa mwalimu, kikavuka meza za kantini, kikadakwa na Redio kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwa bado kiunoni. Redio alikuwa kiongozi wa wanawake waliofunga sabuni kwenye karatasi pale kiwandani, na jina hilo alibandikwa kwa sababu akishawaka hazimiki.

"Umedaka, soma," mwalimu akasema, rula yake ikielekea kwenye kadi iliyobandikwa ukutani.

Redio akakunja uso kama anayetazama jua. "Mvu... mvua."

"Mvua ndani ya tanuri?" akadakia Kijiko, mchochea moto, mwanamume mwembamba aliyekaa upande wa pili. "Basi kesho tuje na miavuli."

"Mvuke," Redio akajisahihisha. "Ni mvuke. Na wewe nyamaza, maana ukikupuliza huo mvuke tutakuokota getini."

Kantini nzima ikaangua kicheko, na kicheko kilipokwisha neno lilikuwa limeshaingia vichwani mwao. Mwalimu alilijua hilo. Stashahada yake ya elimu ya watu wazima hakuipata kwa kubahatisha. Siku ya kwanza tu alivunja ile mistari ya viti, akawakalisha watu duara ili asiwepo wa kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzake. Hakuleta vitabu vyenye picha za mbuzi na maembe. Alizunguka kiwandani, akaokota maneno yaliyoandikwa kwenye mapipa, milango na mashine, akayaandika kwenye kadi. Watu waliotoka zamu miguu ikiwawaka moto walikuja kusoma kwa sababu walichosoma ni kile kilichowaunguza mchana. Na hakuwauliza kamwe kama wameelewa. Mtu mzima ukimuuliza kama ameelewa atakwambia ndiyo, hata kama ameachwa njia panda. Badala yake aliwarushia sabuni. Aliyedaka alisoma, kisha akamrushia mwingine amtakaye.

Redio akazungusha macho akitafuta wa kumrushia. Macho yake yakapita dirishani, alipoketi mzee mwenye koti la kijani na kofia magotini, yakasita kidogo, yakaendelea. Sabuni ikaenda kwa Kijiko.

"Mwalimu," Redio akasema akikaa, "hii sabuni yako inamwogopa mzee. Tangu tuanze haijatua pale dirishani."

Waliokuwa wakicheka wakapunguza sauti. Mzee dirishani alikuwa nyapara wao, mkuu wa zamu. Walimwita Mzee Magadi kwa sababu miaka yote hakuna aliyepima yale magadi makali ya kupikia sabuni ila yeye. Tena alikuwa baba mkwe wa mwalimu. Mwalimu aliishi nyumbani kwake, alikula mezani kwake, na asubuhi alipomwamkia alipiga goti.

"Mzee anatusaidia kusimamia darasa," mwalimu akajibu upesi. "Si ndiye anayegawa kadi?"

"Ndiye," Mzee Magadi akasema kwa utulivu, akaigeuza kofia yake upande wa pili.

*

Darasa lile halikuanzishwa kwa huruma. Wenye kiwanda wapya walikuja na sheria zao: kila nyapara lazima asome maandishi ya mapipa na ajaze mwenyewe taarifa ya zamu. Mwisho wa msimu angekuja mkaguzi kuwapima. Atakayeshindwa atavua koti la kijani la unyapara na kurudi kwenye upakizi, kubeba makasha kwa ujira wa kibarua. Wafanyakazi wengine waliruhusiwa kusoma wakipenda. Wakapenda.

Nyumbani kila mtu alijua uzito wa jambo lile, hakuna aliyelitamka. Karakana ya majokofu alikofanya kazi mume wa mwalimu ilikuwa imefungwa, na mume mwenyewe alishinda barazani akifungua redio mbovu na kuzifunga tena zikiwa mbovu vilevile. Ujira wa mwalimu ulikuwa wa kununulia chumvi. Kodi, mkaa, dawa za presha za mama mkwe, vyote viliingia kupitia mfuko wa lile koti la kijani.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia jikoni, akichambua mchele kwenye ungo, "nasikia huko mnarushiana vitu."

"Ni mbinu ya kufundishia, mama. Inawachangamsha."

"Wachangamke. Ila yule ni baba mkwe wako. Usije ukamsimamisha ubaoni kama mtoto wa chekechea, watu wakamcheka. Watu wale anawaamuru yeye. Akichekwa leo, kesho nani atamsikiliza?"

"Siwezi kumfanyia hivyo, mama."

"Najua huwezi. Umelelewa." Akapuliza makapi. "Mimi nasema tu ili niwe nimesema."

Sebuleni Mzee Magadi alikuwa ameshika gazeti, kama kila jioni. Mwalimu alipompelekea chai alisimama hatua chache kutoka kwenye kiti, macho chini, akauliza kwa sauti ya chini lile swali aliloapa kutomuuliza mwanafunzi yeyote.

"Somo la leo umelielewa, baba?"

"Nimelielewa vizuri tu, mwanangu."

"Kama kuna mahali pagumu tunaweza kupapitia hapa hapa nyumbani. Mimi na wewe tu."

Mzee akafungua ukurasa mwingine wa gazeti. "Umechoka wewe. Umesimama tangu mchana. Kapumzike."

Akaenda kupumzika. Alijiambia kwamba mtu anayeshika gazeti kila jioni lazima kuna kitu anachokiona mle. Kujiambia hivyo kulikuwa rahisi kuliko kurudi sebuleni.

*

Kazi ya kugawa kadi mwalimu ndiye aliyempa mzee, akaiona ni ya heshima, tena ya akili. Kadi hizi za mkononi, nakala za zile za ukutani, zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu nene, moja ya kila mwanafunzi, na Mzee Magadi alizipitisha duarani bila kukosea: mvuke kwa Redio, moto kwa Kijiko, na ile ya valvu kwa fundi bomba aliyekuwa kiziwi sikio moja. Mwalimu alipomwona akigawa hivyo roho yake ilitulia. Kumbe anasoma, aliwaza. Kimya kimya, kwa mwendo wake.

Kadi zikachakaa. Mafuta ya mikono, chai, masizi ya Kijiko. Siku moja mwalimu alikaa akaziandika upya zote, maneno yale yale, kwenye karatasi ngumu nyeupe, akaja nazo darasani na kumkabidhi mzee.

Mzee Magadi akasimama katikati ya duara. Akaitazama ya juu. Akaipeleka chini ya nyingine, akaitazama inayofuata. Akazigeuza zote, akatazama migongo yao, akapitisha kidole gumba pembeni mwa karatasi kama mtu anayetafuta kovu kwenye ngozi. Hapo ndipo mwalimu alipoelewa. Mzee hakuwa amesoma neno lolote. Alikuwa akijua doa la chai ni la Redio, masizi ni ya Kijiko, na kona iliyotafunwa ni ya fundi bomba.

"Leo," Mzee Magadi akasema, akaziweka kadi mezani, "leo kila mtu atajichukulia mwenyewe. Nyie si watoto."

Wote wakamgeukia mwalimu. Sasa ilikuwa juu yake, kufanya kitu au kuacha. Angeweza kusema, baba, nipe ile ya juu, inasemaje? Angeweza kuwapa wote kazi ya wawili wawili na kumketisha mzee na fundi bomba, mtu mpole asiyecheka mtu. Mbinu alikuwa nazo, alifundishwa na alizifanyia mtihani.

"Vizuri sana," akasema. "Hiyo nayo ni njia nzuri. Haya, jichukulieni."

Watu wakainuka wakasukumana mezani wakitafuta kila mmoja neno lake. Redio peke yake hakuinuka. Alimtazama mwalimu, kisha akatazama pembeni.

Walipotawanyika alimfuata kwenye bomba la maji la uani.

"Mwalimu, mimi mdomo wangu mnaujua, lakini hili sijamwambia mtu," akasema. "Umeona nilichoona."

"Nimeona."

"Basi mkalishe. Mkaguzi hayuko mbali."

"Nimkalisheje, dada? Nimwambie, baba, umekosea? Mimi? Ninayemwandalia maji ya kuoga?"

"Mimi uliniambia nimekosea mbele ya watu na sikufa."

"Wewe si baba mkwe wangu."

Redio akajifuta mikono kwenye khanga. "Ndiyo. Bahati yangu."

*

Jioni zilizofuata mwalimu alijaribu kwa kuzunguka. Alisahau kadi kwa makusudi juu ya kiti cha mzee. Alizikuta asubuhi zimehamishiwa mezani, zimepangwa vizuri, basi. Alimwomba mumewe aseme na baba yake.

"Nimwambie nini?" mume akauliza, bisibisi mkononi. "Baba, mke wa mwanao anasema hujui kusoma?"

"Wewe ulijua?"

Mume akainamia redio yake. "Tulipokuwa wadogo alikuwa akituambia, nisomeeni hili gazeti, nione kama shule inawaingia. Tulikuwa tunamsomea lote. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa." Akafunga parafujo. "Na mimi nilinyamaza. Ungefanya nini wewe?"

Mwalimu naye alikuwa akifanya vilevile.

Darasani mzee akaanza kubadilika. Zamani alikuwa akitazama nje. Sasa alikuwa akiwasikiliza wenzake wanavyosoma, midomo ikimcheza. Wakisoma kadi ndefu ya mlango wa tanuri, ile yenye onyo zima, yeye alikuwa akiisema nao moyoni, mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu aliiona midomo ile na akashika tumaini kwa nguvu, kama mtu aliyeshika kamba asiyotaka kujua imefungwa wapi.

*

Mkaguzi alikuwa msichana wa rika la mwalimu, sauti ya upole, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Hakuja na ukali wowote. Meneja ndiye aliyetaka mtihani ufanyike kantini, saa ya chakula, ili, alisema, kila mtu aone kwamba hakuna upendeleo.

Mabakuli yakasogezwa. Nyapara wa zamu ya pili alitangulia, akasoma kwa kujikwaakwaa, jasho likimdondoka, lakini akafika mwisho. Kisha Mzee Magadi akaitwa. Akavaa miwani. Akafunga vifungo vyote vya koti la kijani, mpaka cha shingoni, akasimama.

"Shikamoo mzee," mkaguzi akasema. "Hii ni lebo ya pipa. Naomba unisomee tu, bila haraka."

"Marahaba." Mzee akaishika karatasi kwa mikono miwili, akakohoa, akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya kelele za mashine: "Hatari. Mvuke wa moto. Usifungue mlango huu kabla ya kufunga valvu. Vaa glovu. Simama pembeni."

Hakukosea neno. Alisoma vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kusoma kantini ile.

Ila karatasi aliyoshika ilikuwa ya pipa la magadi. Halikuwa na mlango wala valvu. Na watu wote waliokuwa wakitafuna waliacha kutafuna, kwa sababu sasa wote walikuwa wanajua kusoma, na maandishi yalikuwa makubwa, na waliokaa ubavuni mwake waliyaona.

Redio akaanza kukohoa. Akakohoa kikohozi kirefu cha uongo, akagonga bakuli, likaanguka. Haikusaidia.

"Mzee," mkaguzi akasema, sauti ikiwa chini zaidi, "pole. Labda miwani. Hebu tuanze na neno hili la juu tu. Hili hapa."

Mzee Magadi akamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa amesimama ukutani, chini ya kadi zake nyeupe, na rula mkononi. Aliinamisha macho, kama alivyoyainamisha kila siku mbele yake.

"Hatari," mzee akarudia, kwa nguvu zaidi. "Mvuke wa moto. Usifungue mlango huu—"

"Inatosha," meneja akasema.

Makoti ya unyapara yalikuwa machache, kwa hiyo likavuliwa pale pale. Vifungo vilimchelewesha, hasa cha shingoni. Alitoa mifukoni kitambaa, kisha kipande cha sabuni kilichovunjika ambacho hakuna aliyejua alikiweka lini, akavishika mkononi maana shati la ndani halikuwa na mfuko. Meneja akauliza nani kwenye zamu anasoma bila kukwama. Hakuna aliyeinua mkono. Meneja akatazama karatasi ya maendeleo ya darasa aliyoijaza mwalimu mwenyewe, akamwita Kijiko. Koti likamfika Kijiko magotini. Akalivaa kichwa chini, akasema taratibu, "Nisamehe, mzee," na meneja akamwambia aongee kwa sauti.

Na darasa, meneja akaongeza akikusanya karatasi, limefikia lengo lake. Kantini itarudi kuwa kantini.

*

Kila jioni mzee alikuwa akitangulia njiani na mwalimu akimfuata hatua kadhaa nyuma. Jioni ile walitembea hivyo hivyo, ila watu waliomzoea na koti hawakumtambua haraka, wakawa wanamsalimu akishawapita.

Habari ilishafika nyumbani kabla yao. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwalimu," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Umewafundisha wachochea moto na wafunga karatasi. Mzee wa nyumba yako umemfundisha nini?"

"Mama..." mume akaanza.

"Usiniambie mama. Wewe na redio zako. Kesho baba yako anakwenda kubeba makasha na mgongo ule, wewe unakwenda kubeba nini?"

Mume akaiweka bisibisi chini. Mwalimu akapiga goti pale pale kizingitini. "Nilimheshimu, mama. Wewe mwenyewe ulisema—"

"Mwacheni," Mzee Magadi akasema.

Aliketi kwenye kiti chake. Gazeti lilikuwa pale; alilikunja, akalisukuma chini ya kiti kwa mguu. Akatazama kile kipande cha sabuni kilichobaki mkononi mwake.

"Walirushiwa wote," akasema hatimaye, hamtazami mtu. "Redio. Kijiko. Hata yule kiziwi. Wanadaka, wanakosea, wanachekwa, wanadaka tena. Watu wangu siwalaumu kunipita, mimi ni mkubwa wao. Lakini wewe ulikuwa mwalimu."

"Sikutaka wakucheke, baba."

"Najua. Na mimi nilikushukuru. Kila siku nilikuwa naomba hiyo sabuni inipite. Ikinipita napumua." Akaifumba sabuni kiganjani. "Kisha nakaa pale dirishani, naona wenzangu wanaondoka wananiacha."

Mama mkwe akarudi jikoni, na kwa muda kulisikika vifuniko vya sufuria tu.

*

Mume alipata kibarua cha kuchimba mitaro, siku ikiwepo. Redio mbovu zikauzwa kwa kilo. Mama mkwe akaanza kumeza nusu kidonge badala ya kidonge, akisema presha yake imepungua. Mzee Magadi alibeba makasha. Aliporudi alipitia uani ili asionekane anavyoshika ukuta, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko mpaka mgongo ukubali kunyooka. Alipoamkiwa aliitikia, akarudi kutazama makaa.

Mwalimu alikuwa amezitoa kadi kwenye ukuta wa kantini, zimefungwa kwa uzi chini ya kitanda. Alikuwa akiwaza kutafuta darasa jingine mahali pengine, na kila alipowaza hivyo alimwona mtu ameketi dirishani.

Jioni moja, jua bado lipo, alitoka ndani na sabuni mpya, mche mmoja, muhuri wa kiwanda umezama katikati yake. Mzee alikuwa kwenye kigoda, mikono imepasuka, shati limegandia mgongoni. Mama mkwe alikuwa akikoroga chungu. Mwalimu hakupiga goti. Alisimama pale uani kama alivyokuwa akisimama kantini, miguu imekita, akamtazama baba mkwe wake usoni, na alihisi shingo yake ikimuuma kwa kutozoea.

Akamrushia.

Mzee hakuwa tayari. Sabuni ilimpiga kifuani, ikadondoka vumbini kati ya miguu yake. Mama mkwe akaacha kukoroga. Mwiko ukabaki hewani, ukidondosha uji kwenye makaa, ukachachatika.

Mzee Magadi aliinama taratibu, mkono mmoja kiunoni, akaiokota. Akaipangusa vumbi kwenye suruali. Muhuri ule alikuwa ameupiga juu ya sabuni tangu ujana wake, upande huu na upande ule, mpaka viganja vyake viliujua gizani.

"Herufi ya kwanza," mwalimu akasema. "Inasemaje?"

Mzee akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali. Akatazama jikoni, akatazama mlangoni aliposimama mwanawe na jembe begani. Hapakuwa na mtu wa kumsomea. Akataja herufi.

"Siyo," mwalimu akasema.

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Lilikaa uani, likasikika mpaka kwa majirani. Mama mkwe akashusha mwiko ndani ya chungu bila kukoroga.

Mzee Magadi akashusha pumzi. Alipitisha kidole juu ya muhuri, polepole, akifuata mfereji wa herufi ile ulikopanda na ulikoshuka, kidole chake kilichopasuka kikiacha alama nyekundu nyembamba kwenye sabuni.

"Tazama tena," mwalimu akasema.

Akatazama tena.